Inchi haihami kwa kufinya kifungo



Tunaanza na habari ndogo ya kartie yetu, hapa Lubumbashi. Kati yetu kuko vijana wanaocheza NationStates kwa simu. Ni muchezo wa serikali kwa intaneti: unafungua inchi yako, unaipa jina, bendera na pesa, kisha unaletewa maswali na kuyaamua kama raisi. Ni maandishi zaidi kuliko picha, hauli mega nyingi, njo maana unatufaa. Vijana hao walikusanya inchi zao katika eneo moja, wakachagua mujumbe, wakaandika hata katiba yao ndogo. Siku moja ugomvi ukazuka. Wengine waliona mujumbe anaamua peke yake. Walibishana siku tatu, kwa maneno makali. Usiku wa siku ya nne karibu nusu yao walihama, wakafungua eneo lao jipya lenye bendera yake. Asubui kila mutu alienda masomo. Hakuna aliyelia, hakuna aliyekimbia na godoro kichwani.

Jumamosi, kijana mumoja kati yao akasimama kwenye mukutano wetu: «Bayaya, muliona? Tulijitenga kwa dakika mbili na hakuna mutu alikufa. Sasa juu ya nini mambo ya Katanga inakuwa nguvu vile? Tuachane paka. Kila mutu na yake.»

Tulicheka. Kisha kicheko kikaisha, juu tulikumbuka kwamba neno hilo hatulisikii kwa watoto wa simu peke yao. Tunalisikia kwa watu wazima wenye suti, kila mara wanapokosa kiti Kinshasa. Wakipewa kiti, Kongo ni moja. Wakinyanganywa kiti, Katanga inaonewa, Katanga iondoke. Na wao pia wanasema kama yule kijana: tuachane paka. Tofauti ni moja: kijana anasema juu hajui. Wao wanajua.

Kuko atakayetukasirikia: «Tangu Januari 2025 Goma iko mikononi mwa M23, Bukavu ikafuata Februari, na nyinyi munakaa kuandika juu ya muchezo wa simu?» Ndugu, njo juu ya hiyo tunaandika. Kule Kivu neno balkanizasio linasemwa kila siku, sokoni, kanisani, ndani ya taksi. Wakati ramani zinachorwa kwa bunduki, kijana asiyejua kueleza kwa nini inchi ikae moja, na kwa sharti gani, atanyamaza au atarudia maneno ya mwenye bunduki. Hatutaki vijana wetu wawe hivyo. Kwa hiyo tunalichukua swali la yule mudogo wetu kama swali la kweli, na tunalijibu.

Kwanza, muchezo wenyewe

NationStates ilitengenezwa na Max Barry, mwandishi wa Australia, mwaka 2002, kusudi ajulishe watu riwaya yake. Ulipaswa kuwa tangazo la kitabu, ukawa jambo kubwa kuliko kitabu. Kila muchezaji anapewa inchi yenye watu milioni 5 siku ya kwanza, na watu hao wanaongezeka wenyewe. Kila inchi inakaa katika eneo, na maeneo ni maelfu, mengi yana inchi moja au mbili tu. Kuko na baraza lao la dunia. Mwanzoni liliitwa Umoja wa Mataifa, mpaka mwaka 2008 Umoja wa Mataifa wa kweli ulipoandika barua kuukataza muchezo kutumia jina lake, na jina likabadilishwa. Ndani ya eneo, inchi zilizo katika baraza hilo zinaungana mukono, na ile yenye kuungwa mukono na wengi inakuwa mujumbe wa eneo.

Katiba za maeneo, mahakama zao, uchaguzi wao, vyote vinaandikwa na wachezaji wenyewe. Programu haivijui. Inajua vitu vichache tu: nani alianzisha eneo, nani ni mujumbe, nani anaruhusiwa kufukuza wengine. Na inajua kifungo cha kuhama. Kama eneo jipya halikufungwa kwa neno la siri na hukufukuzwa pale, unafinya, unahama. Huombi ruhusa ya mutu.

Kwa hiyo, katika muchezo huu, mabishano ya kujitenga hayaishi. Wanabisha: je, mujumbe ana haki gani juu ya wachache? Je, kundi likiondoka, sheria za zamani zinalifuata? Je, mwanzishaji aliyelala bado ni mwenye eneo? Tunakubali wazi: ni maswali mazuri. Tumesikia watoto wa miaka 17 wakiyajadili kwa akili na kwa heshima kuliko tunavyosikia kwenye redio. Hatuandiki kukataza muchezo. Mwenye kukataza vijana kufikiri hana nafasi kati yetu.

Lakini kuko vitu vitatu ambavyo muchezo uliviondoa kusudi uchezeke. Na hivyo vitatu njo Kongo yenyewe.

Kitu cha kwanza ni udongo

Ukihama katika NationStates, inchi yako inahama nzima. Misitu yako, mashamba yako, migodi yako, watu wako milioni 5, vyote vinaingia katika eneo jipya kama mizigo ndani ya gari. Wale uliowaacha hawapungukiwi hata jiwe moja. Hakuna mupaka, juu hakuna ardhi.

Kwa inchi ya kweli ni kinyume. Udongo haubebeki. Shaba ya Kolwezi itabaki Kolwezi, iwe chini ya bendera gani. Kama udongo hauwezi kuhama, basi lazima kitu kingine kihame. Na kitu hicho ni watu.

Hapa hatusemi kitabu, tunasema wazazi wetu. Mwaka 1992 na 1993, wakati jimbo letu liliitwa Shaba, wakubwa wa siasa waliwaambia watu kwamba wenye asili ya Kasai ni wageni, warudi kwao. Mamia ya maelfu walifukuzwa. Kwenye gare ya Likasi familia zililala nje, majuma na majuma, kungoja treni. Watoto walikufa pale, kwa kuhara, kwa njaa. Watu hao wengi walikuwa wamezaliwa Katanga. Babu zao waliletwa na kampuni wakati wa ukoloni, kufanya kazi ya migodi na ya reli. Walijenga muji, kisha muji ukawaambia: hamuko wa hapa.

Mwaka ule hakuna jimbo lililotoka katika Kongo. Bendera haikubadilika. Lilikuwa neno tu, «kila mutu na yake», na lile neno peke yake lilijaza gare. Sasa mudogo wetu, wewe uliyesema Jumamosi tuachane paka: fikiri kama neno lingekuwa na mupaka, askari na kituo cha forodha.

Kitu cha pili ni watu wa katikati

Katika muchezo, inchi ina mwenyewe mumoja. Muchezaji akikata shauri, watu wake wote milioni 5 wanakubali, juu hawako. Hakuna mutu ndani ya inchi yako atakayesema: mimi sitaki.

Katanga ilijaribiwa. Tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga ni inchi. Leo wengine wanasimulia habari ile kama harusi: jimbo lote lilisimama pamoja. Si kweli. Kaskazini ya Katanga ilikataa. Chama cha Balubakat, cha Jason Sendwe, kilikuwa na nguvu karibu sawa na Conakat ya Tshombe katika uchaguzi wa 1960, na watu wake hawakutaka kutolewa katika Kongo. Jibu walilopata ni jandarma na mamluki wazungu, na vijiji vyao kuchomwa. Mwaka 1961, hapa Elisabethville, makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya wakimbizi chini ya ulinzi wa Umoja wa Mataifa. Wakimbizi ndani ya muji wao wenyewe, katika inchi iliyosema imeanzishwa kwa ajili yao.

Njo kila mara. Wale wanaosema «sisi tumeonewa na wengi» wakipata inchi yao, wanakuta ndani yake wachache wao wenyewe, na wanawatenda vilevile, au vibaya zaidi, juu wanaogopa. Ndugu zetu wa Sudan Kusini walipiga kura Januari 2011, na karibu 99% walisema ndiyo. Walikuwa na haki: vita yao na Khartoum ilikuwa ndefu na ya kweli. Tarehe 9 Julai 2011 wakapandisha bendera. Desemba 2013 wakaanza kuuana wao kwa wao, Juba. Kura ilikuwa safi. Lakini kura ya kuondoka haijibu swali la namna ya kukaa.

Na hapa petu, tuulize: Katanga gani itaondoka? Tangu 2015 hakuna jimbo moja la Katanga. Kuko Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Shaba na kobalti nyingi ziko Lualaba na Haut-Katanga. Siku ya kwanza ya «uhuru» huo, Kolwezi itauliza kwa nini ilishe Kamina na Kalemie, kama vile leo wengine wanauliza kwa nini Lubumbashi ilishe Kinshasa. Wachezaji wanaijua habari hii: eneo linajigawanya, kipande kinajigawanya tena, mpaka unakuta eneo lenye inchi moja, bendera nzuri na hakuna wa kusalimia.

Na watoto waliochanganyika wataenda wapi? Kati yetu tunaoandika tangazo hili, kuko ambao baba ni Musanga na mama ni Muluba wa Kasai. Kuko aliyezaliwa Bukavu, akasoma Kalemie, akaolewa Lubumbashi. Mutuambie tukate wapi. Kwenye tumbo?

Kitu cha tatu ni mulinzi na bili yake

Hapa muchezo unasema kweli, na tunaomba wachezaji wakumbuke wanachokijua. Eneo dogo ambalo mwanzishaji wake amepotea linafanywa nini? Linavamiwa. Wanakuja usiku, wanaungana mukono wao kwa wao, mutu wao anakuwa mujumbe, wanabadili bendera, wanafukuza wenyeji. Kwa hiyo kila eneo dogo linatafuta rafiki mukubwa wa kulilinda. Na rafiki mukubwa halindi bure.

Tshombe alikuwa na rafiki wakubwa. Askari wa Ubelgiji walisimama nyuma yake tangu siku za kwanza. Kampuni ya Union Minière ililipa kodi kwake badala ya kuilipa serikali ya Kongo, na pesa hiyo ikalipa jandarma na mamluki. Hakuna hata inchi moja iliyoitambua Katanga rasmi, lakini shaba iliendelea kutoka na kufika Ulaya kila mwezi. Katika Katanga ile, tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba aliuawa pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Na Januari 1963, wakati askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanakaribia Kolwezi, yote yakaisha. Miaka miwili na nusu. Wazungu wengi wa mamluki walivuka mupaka na kwenda zao. Waliobaki kuzika ni nani? Ni nkambo zetu.

Nusu karne baadaye, tarehe 23 Machi 2013, wapiganaji wa kundi lililojiita Bakata Katanga, yaani wale wanaokata Katanga, waliingia Lubumbashi kwa miguu mpaka kambi ya MONUSCO. Watu wengi walikufa katika njia siku ile. Kabla ya hapo walichoma vijiji kati ya Manono, Mitwaba na Pweto, fashi ambayo watu waliita pembetatu ya kifo. Angalieni vizuri: waliosema wanaikomboa Katanga walichoma Wakatanga. Tena watoto waliobeba upinde na dawa shingoni hawakuwa watoto wa wakubwa. Wakubwa watoto wao wanasoma ng'ambo.

Basi tunawaambia vijana: mutu akikuambia tujitenge, usimuulize bendera itakuwa na rangi gani. Muulize nani atalipa mulinzi, na mulinzi atalipwa kwa udongo wa nani.

Muulize tena juu ya umeme. Waya mukubwa unaoleta umeme wa Inga mpaka Kolwezi unatembea karibu kilometa 1.700, na ulimalizika mwaka 1982. Barrage iko Kongo Central, mashini za migodi ziko hapa. Siku unakata Katanga, kifungo cha ule waya kiko mukononi mwa nani? Haiko mukononi mwako, mudogo.

Lakini kuko fundisho ambalo Kinshasa isikie

Kama tungeishia hapa, tungekuwa tumefanya kazi ya serikali bure. Hapana. Sisi si wasemaji wa Kinshasa. Juu katika muchezo huu kuko jambo moja la haki ambalo Kongo haina, na tunalisema kwa sauti.

Katika NationStates, mujumbe anajua kila asubui kwamba watu wake wanaweza kuondoka. Kwa hiyo mujumbe mwenye akili anajibu barua, anaandika hesabu, anaheshimu katiba hata kama programu haimulazimishi. Anayetukana watu wake anaamka na eneo tupu. Umoja wa eneo ni kazi ya kila siku. Unafanywa upya kila siku au unavunjika.

Wakubwa wetu wao wanajua kwamba hatuwezi kuhama. Udongo haubebeki, tumekwisha kusema. Na badala ya kuwafanya wawe na aibu, hiyo inawapa usingizi. Wanatuimbia umoja wa inchi wakati wa kampeni, wanatufungia barabara wakati tunaandamana. Wanasoma kifungu cha 1 cha katiba, kinachosema Kongo ni moja na haigawanyiki katika mipaka yake ya tarehe 30 Juni 1960, na wanafunga kitabu pale. Waendelee kusoma! Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 haina kifungu kimoja.

Kifungu cha 175 kinasema sehemu ya majimbo katika mapato ya taifa ni 40%, na inazuiwa palepale kodi inapopatikana. Kuzuiwa palepale, maana yake pesa haiendi Kinshasa kwanza halafu irudi kama sadaka. Sasa ni miaka mingapi magavana wanapanda ndege kwenda kuomba kile ambacho sheria inasema kibaki nyumbani?

Kifungu cha 181 kinaweka mufuko wa kusawazisha majimbo, 10% ya mapato ya taifa, kusudi jimbo masikini lipate barabara na shule. Ule mufuko njo jibu la swali la Kolwezi na Kamina. Ungefanya kazi kweli, nani angesikiliza mutu wa kugawanya?

Kifungu cha 214 kinasema hakuna kipande cha inchi kinachoweza kutolewa, kubadilishwa au kuongezwa bila Wakongomani wenyewe kuulizwa kwa kura. Wasomeeni hicho wale wanaochora ramani kwa bunduki, na wale wanaofanya mapatano ndani ya hoteli mbali na sisi.

Tunasema hivi: anayeiba 40% ya jimbo anaandaa kujitenga kuliko yule anayepandisha bendera yenye misalaba ya shaba. Mwenye bendera anakamatwa na kufungwa. Mwenye kuiba anapewa tena wizara. Wote wawili wanavunja inchi moja, na wa pili anamupa wa kwanza maneno ya kusema.

Tunaomba nini

Kwa nyinyi vijana munaocheza: muendelee. Lakini mujaribu muchezo kwa sheria mpya, tuiite sheria ya udongo. Andikeni katika katiba ya eneo lenu: anayehama anaacha migodi yake, reli yake na makaburi ya wazee wake. Na kila inchi ihesabiwe kuwa na nusu ya watu wasiotaka kuondoka, na mwenye kuhama aandike mbele ya wote atawafanyia nini hao. Kisha bisheni siku saba. Tumefanya hivyo na wale vijana wetu, Jumamosi mbili, kwa karatasi na bik, kabla ya kurudia simu. Wale waliokuwa wanataka kuondoka hawakuwa wajinga, walikuwa na malalamiko ya haki. Mwishoni walikuja na kitu chenye nguvu kuliko kuhama: orodha ya mambo ambayo mujumbe lazima ayafanye, na tarehe ya kumuondoa asipoyafanya. Yule kijana wetu njo aliyeiandika orodha.

Kwa nyinyi waheshimiwa munaotishia kujitenga kila mara mukikosa kiti: tujibuni kwa maandishi, maswali manne tu. Ni Katanga gani, ya majimbo mangapi? Asiyetaka atabaki nyumbani kwake na haki zake zote, ao atapanda treni? Nani atalipa jeshi, na kwa mugodi gani? Wakati mulikuwa na kiti, mulidai mara ngapi zile 40%? Kama hamuna majibu, muache kucheza na neno ambalo limekwisha kuua wazazi wetu.

Kwa Kinshasa: tekelezeni vifungu vya 175 na 181. Hatuombi upendeleo. Umoja unaolindwa kwa polisi peke yake ni kama nyumba iliyofungwa kwa kufuli ya nje. Waliomo ndani si wenye nyumba, ni wafungwa.

Kwa sisi wote, raia: tusingoje Kinshasa. Sheria ya madini iliyobadilishwa mwaka 2018 inasema katika kila ada ya madini, 50% inaenda kwa serikali kuu, 25% kwa jimbo, 15% kwa komine, sekta ao uchefu ambako mugodi uko, na 10% kwa mufuko wa vizazi vijavyo. Zile 15% haziko Kinshasa. Zinapaswa kuwa karibu na wewe, kwa mukubwa wa komine unayekutana naye kanisani. Tuende kwake, watu kumi kumi, kwa amani, na barua mbili, moja ya kumuachia na moja ya kupigiwa muhuri. Tumuulize: mwaka jana komine ilipokea ngapi, na ilijenga nini? Akijibu, tubandike jibu ukutani. Asipojibu, turudi wiki inayofuata tukiwa ishirini.

Tunajua kazi hii haina bendera mpya, haina wimbo, haimalizi kitu kwa dakika mbili. Inachosha. Kuko siku utarudi nyumbani na viatu vimejaa vumbi na hakuna aliyekupokea. Wazazi watasema: «Mutoto, acha mambo ya wakubwa.» Na wewe utatamani kifungo cha kuhama, uingie eneo lingine, uanze upya na watu wanaokubaliana na wewe.

Sisi pia tunakitamani, siku zingine. Lakini hatuna. Tuna inchi moja, udongo wake uko chini ya miguu yetu, na majirani ambao hatukuwachagua. Hakuna hata mumoja kati yao tutakayemupandisha treni. Na hakuna mukubwa tutakayemuacha alale.

Barua ya kwanza tutaipeleka Jumatatu, saa tatu asubui. Mwenye kutaka kutusindikiza aje na karte yake ya uchaguzi, na maji ya kunywa.

Sisi vijana wa harakati ya raia,
Lubumbashi